Mvuke au Moshi? Maneno Mawili ya Machimboni katika Somo la Kemia

Mwalimu wa kemia afundishaye Buseresere, mji uliopakana na Katoro mkoani Geita, ana wanafunzi walioijua zebaki kabla ya kuisoma. Wamewaona wakubwa wao wakiichanganya na mchanga wa dhahabu uliosagwa, wakalikamua donge kwa kitambaa, kisha wakalitia motoni. Kazi hiyo huitwa kuchoma dhahabu. Madhumuni ya makala hii ni kuyatazama maneno mawili yanayoandamana nayo, kuchoma na moshi, na jinsi mwalimu awezavyo kuyatumia.

Kwa mkemia, kitu kinachoungua huungana na oksijeni kikawa kitu kingine. Dhahabu ile haiungui. Zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hugeuka mvuke ikaondoka. Dhahabu, isiyoyeyuka mpaka nyuzi 1,064, hubaki. Hatusemi wachimbaji waliache neno lao, kwani kila kazi ina lugha yake. Ila mwanafunzi aandikaye katika mtihani kwamba dhahabu imeungua amekosa, na kosa lake limeanzia katika neno.

Neno moshi lina hatari zaidi. Moshi huonekana, hunuka na kuwasha macho, na mtu huukimbia. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Auitaye moshi aweza kudhani kwamba pasipo moshi pana usalama, akalichoma donge jikoni watoto wakiwa karibu. Kwa hiyo twashauri neno mvuke lishikiliwe vitabuni, katika tafsiri na katika matangazo ya afya.

Hata hivyo, mvuke nao katika mazungumzo ni lile wingu jeupe litokalo chunguni. Hapo birika la maji yanayotokota litamsaidia mwalimu. Wanafunzi, wakiwa wamekaa mbali kidogo, watazame mdomo wa birika: kabla wingu halijaanza pana nafasi ndogo ionekanayo kuwa tupu. Mvuke wenyewe umo katika nafasi hiyo. Wingu ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Baadaye achemshe maji ya chumvi katika sufuria na kuifunika kwa kifuniko baridi. Matone ya kifunikoni hayana chumvi, na maji yakikauka chumvi hubaki chini. Somo la kukeneka limekwisha kufundishwa, na zebaki haikuletwa darasani, wala isiletwe hata tone moja.

Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa kiowevu, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Mfasiri ashughulikiaye Mkataba wa Minamata wa 2013, unaohusu zebaki, hana budi kukipa jina. Wengine wataandika ritoti. Sisi twapendelea kikenekeo, kutokana na kukeneka. Lakini mwalimu aliyelisikia neno jingine machimboni na atuandikie, kwani huenda likawa bora kuliko letu.