Atakaye Kuwa Injinia Asingojee Chuo Kikuu

Wazazi wengi nchini Kenya wana tamaa ya kumwona mtoto wao akiwa injinia au mtaalamu wa kompyuta. Tamaa hiyo ni njema, maana kazi hizo zina heshima na faida kwa nchi. Lakini wengi hudhani ya kwamba matayarisho huanza siku ile kijana apokeapo barua ya kuitwa Chuo Kikuu. Sivyo hata kidogo. Mlango wa kazi hizo hufunguka, au hufungwa, mtoto angali na umri wa miaka kumi na mitano hivi, na mara nyingi mzazi hana habari.

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia darasa la kumi. Kabla ya kuingia, kila mmoja alitakiwa kuchagua njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Wafuatao njia ya sayansi husoma hesabu kamili. Wa njia nyingine waweza kusoma hesabu nyepesi ya matumizi ya kila siku. Mtoto akiikimbia hesabu kamili kwa sababu ya uoga tu, hapana budi ajue ya kwamba kuurudia uinjinia baadaye kutakuwa kazi ngumu sana.

Kwa nini hesabu ihitajiwe kiasi hicho? Tufikiri habari ya kijiji kinachotaka kuteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani. Maji yaliyofungwa ndani ya bomba huongeza msukumo wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita mraba kwa kila mita 10 za kimo. Basi chemchemi ikiwa mita 60 juu ya kijiji, bomba la chini hubeba msukumo wa kilo 6 kwa kila sentimita mraba. Asiyeijua hesabu hiyo hununua bomba dhaifu kwa kupenda bei nafuu. Bomba hupasuka, na fedha walizochanga wanakijiji huzama ardhini pamoja na maji. Fizikia humfundisha kijana sababu ya msukumo huo, na hesabu humfundisha kiasi chake. Moja bila ya pili haitoshi.

Kazi ya kompyuta nayo hutaka fikira zilizopangwa vizuri. Kompyuta ni mtumishi mwepesi mno, lakini hutenda yale tu aliyoamriwa, hata yakiwa ya upumbavu. Mwanafunzi aweza kujizoeza jambo hili kwa kalamu na karatasi. Na aandike amri zote za kumlipa mkulima wa chama cha ushirika: jumlisha uzani wa kahawa yake, zidisha kwa bei ya kilo moja, ondoa deni la mbolea, andika baki. Kisha ampe ndugu yake azifuate neno kwa neno bila kuuliza swali. Je, deni likiwa kubwa kuliko malipo? Je, wanachama wawili wakiwa na jina moja? Amri zisiponena lolote hapo, mtu mmoja atalipwa haki ya mwenziwe. Kijana aliyezoea kujiuliza maswali kama hayo, akipata kompyuta ya shule, aweza kuanza kujifunza lugha ya kuandikia programu kama Python, ambayo hupatikana bila malipo.

Zaidi ya hayo, mikono nayo yahitaji elimu. Redio iliyokufa, baiskeli mbovu na pampu ya maji isiyovuta ni vitabu vizuri kwa mtoto mdadisi. Mzazi asimkemee akivifungua, mradi vyombo vya umeme viwe vimetengwa kabisa na umeme. Wala wasichana wasitumwe jikoni wakati ndugu zao wanapofungua pampu, kwani hesabu haichagui mvulana wala msichana.

Yafaa pia kujua ya kwamba ngazi si moja. Kwa wale wafanyao mtihani wa KCSE, alama ya chini ya kuingilia digrii ni C+ kwa jumla, na kozi za uinjinia hutazama hasa hesabu, fizikia na kemia. Digrii ya uinjinia huchukua miaka mitano, na ya sayansi ya kompyuta miaka minne. Lakini aliyepata C- aweza kuanza kwa diploma katika chuo cha ufundi, na aliyepata D kwa cheti, kisha akapanda daraja baada ya daraja.

Wako wanaovidharau vyuo vya ufundi kana kwamba ni vya walioshindwa. Hao wamesahau historia. Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na katika 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kenya Polytechnic iliyofunguliwa mwaka 1961 nayo ikawa chuo kikuu kamili cha ufundi katika 2013. Ikiwa vyuo vyenyewe vilianza na ufundi vikapanda, mbona kijana aone haya kufuata njia iyo hiyo?

Basi mzazi asingoje mtihani wa mwisho. Na aende shuleni mapema, kabla mtoto hajachagua masomo, amwulize mwalimu wa hesabu hali yake ilivyo. Akiwa dhaifu, bado upo wakati wa kumsaidia. Akiwa hodari, asikubaliwe kuacha kwa uvivu. Safari moja ya kwenda shuleni haina gharama kubwa. Bali mlango uliofungwa kwa kutojua huenda ukagharimu miaka mingi kuufungua. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi.