Pete ya Mti

Leo tutazungumza juu ya pete za mti.

Watu wengi huanza na mwanzi, kwa kuwa Rungwe mianzi ni mingi na tundu limo tayari. Hukata kipande chembamba, wakasugua kwa msasa, pete imekwisha. Lakini ikianguka sakafuni hupasuka, na mnunuzi wa sokoni Tukuyu harudi tena. Kwa nini?

Kumbuka unavyopasua kuni. Shoka hupita upesi kwa urefu, kwa sababu hufuata nyuzi za mti. Mwanzi nao una nyuzi, zimesimama kutoka chini kwenda juu. Ukiukata kwa upana, wapata nyuzi fupi tupu. Hakuna uzi hata mmoja unaozunguka kidole.

Pete iliyotobolewa katika ubao ni afadhali kidogo. Pande mbili zina nyuzi ndefu, pande mbili fupi, na hapo penye fupi ndipo huvunjika. Mpingo huvumilia, maana ni mgumu mno, lakini huo ni mti wa nchi ya joto.

Basi, mtazame fundi wa nyungo. Yeye hachongi duara. Hukunja ufito, na nyuzi zikazunguka pamoja nao. Nawe fanya vivyo hivyo. Nenda kwa seremala, omba maranda marefu ya msonobari, yale yanayotoka katika randa kama utepe. Wengi huyatupa kukuni! Chagua moja lisilo na fundo, nene kama karatasi ngumu, urefu sentimita 30. Lipunguze upana kwa kisu, kwa kufuata nyuzi.

Lichemshe dakika chache, lizungushe taratibu juu ya kijiti kinene kama kidole chako, ulifunge kwa uzi. Hapa kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo likaushe darini, juu ya jiko. Likikauka kabisa, lifungue. Paka kijiti nta, ili gundi isishike, kisha zungusha tena huku ukipaka gundi ya mbao kati ya mzunguko na mzunguko, mara tatu au nne. Funga, ngoja mpaka kesho.

Sugua kwa msasa, hasa pale ncha mbili zinapoishia, usije ukachomwa na kibanzi. Mwisho paka nta ya nyuki. Unapofua nguo, ivue. Ikikaa sana majini gundi huachia.