Miaka 80 na Mshipa wa Moyo

Mzee wa Ujiji anapopatwa na shambulio la moyo, ndugu zake huuliza: kwa umri huu, atastahimili kuzibuliwa mishipa? Swali ni la haki. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati.

Hatari huongezeka kweli kadiri umri unavyosonga: mishipa hukakamaa, figo huelemewa na dawa ya picha, na damu huvuja upesi. Hata hivyo, miaka pekee haitoshi kuamua. Utafiti wa SENIOR-RITA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024, ulifuatilia wagonjwa 1,518 wa miaka 75 na zaidi, ambao kwa kawaida mshipa wao haukuwa umeziba kabisa. Waliopelekwa kuchunguzwa mishipa hawakuishi zaidi ya waliopewa dawa tu, ingawa walipata mashambulio mapya machache zaidi. Basi mzee wa namna hiyo anayetibiwa kwa dawa Maweni hakutelekezwa.

Mshipa ulioziba kabisa ni jambo jingine, na kipimo cha umeme wa moyo ndicho hutenganisha hali hizo mbili. Hapo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 12, na mapema zaidi ni bora. Tenekteplasi hupunguzwa nusu kwa mwenye miaka 75 au zaidi, kwa kuhofia damu kuvuja ubongoni. Kabla ya rufaa, daktari aulize pia: mzee huyu alikuwa akienda mwaloni kwa miguu yake?