Chujio la Dizeli na Daftari Nililolikataa

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa ya nini mhadhiri wa isimu kuandika habari za tangi na chujio la mafuta katika ukurasa uliouzoea kwa mijadala ya ngeli na fasihi. Nivumilie kidogo. Yaliyotupata Agosti mwaka uliopita, mimi na wanafunzi wangu wanne, yalinifunza mambo ya injini ambayo sikuyajua, na yakanikumbusha kosa la kitaaluma nililolitenda miaka kadhaa iliyopita, nimeketi ofisini, kalamu nyekundu mkononi.

Tulikuwa tukielekea Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Mwanafunzi wa isimu ana sababu njema ya kufika huko. Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi, waliiacha lugha yao ya Kikushi wakahamia Kisamburu, na anayetaka kujua jinsi lugha inavyotoweka, mzee mmoja baada ya mwingine, hapati darasa bora kuliko ufuo ule.

Pikapu yangu ni ya dizeli na tangi lake hubeba lita 80. Kwenye lami lita moja hunifikisha kilomita kumi hivi. Kwenye mchanga na mawe, saba. Kutoka Nairobi hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 500, na ukishaiacha barabara kuu vituo vya mafuta ni vya kuhesabiwa kwa vidole. Tulibeba mitungi miwili ya akiba. Kituo tulichokitegemea tulikikuta kimefungwa, basi nikanunua dizeli ya mtungi kando ya njia, kwa mtu ambaye sikumuuliza ameitoa wapi.

Saa mbili baadaye gari lilianza kukohoa. Likatoa moshi mweupe, likavutavuta, likazimika. Ilikuwa saa saba mchana. Tulikuwa watu watano, maji ya kunywa lita sita, na kivuli pekee ni kile cha gari lenyewe. Kufikia saa kumi msichana mmoja alikuwa akitapika kwa joto na hajibu anapoitwa ila kwa taabu. Nilimshikia kichwa huku nikiwaza namna nitakavyowaeleza wazazi wake. Magharibi likatokea lori la mbuzi. Utingo wake, kijana ambaye sidhani alimaliza shule ya msingi, alifungua chujio langu, akamimina kilichomo katika kikombe cha chai, akakiinua kwenye mwanga wa tochi. Chini maji, juu dizeli, na katikati utando mweusi kama kamasi. Tulimpakia mgonjwa ndani ya lori. Alipona, namshukuru Mola kila nikumbukapo.

Nilirudi Nairobi nikiwa na wazo moja tu, tangi kubwa. Nikilipata tangi la lita 140, nilijiambia, sitanunua tena mafuta ya mtungi maishani. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mzee, mzaliwa wa Pwani, ambaye gereji yake iko katika vichochoro vya nyuma ya barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa.

“Mwanangu daktari,” akasema, “tangi kubwa bila chujio ni kuongeza mahali pa ugonjwa kukaa.”

Maelezo yake yalikuwa haya. Tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa, na hewa ina unyevu. Usiku chuma kikipoa, unyevu ule hugeuka matone, ukateremka kwenye kuta na kutulia chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli yanapokutana, vijidudu huzaana. Ndio ule utando mweusi. Tangi la lita 140 litakaa nusu kwa siku nyingi zaidi kuliko la 80, hivyo litakusanya maji mengi zaidi. Mwenye tangi kubwa na alijaze kila jioni, au awe na njia ya kuyatoa maji kabla hayajafika kwenye pampu.

Na pampu za siku hizi hazisamehe. Katika injini hizi mpya, dizeli husukumwa ndani ya bomba ambalo mafundi huliita reli, kwa shinikizo linaloweza kupita mara 1,500 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vinavyosuguana ndani ya nozeli ni maikroni chache tu, na maikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Unywele wa binadamu una takriban maikroni 70. Tena dizeli yenyewe ndiyo grisi ya pampu. Maji yakipita humo hayalainishi kitu, hukwangua na kutia kutu. Mafuta taa nayo ni mepesi mno kuifanya kazi hiyo, na sote twajua hila ya kuyachanganya na dizeli ilivyoota mizizi nchini, hata mwaka 2018 serikali ikaanza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida ya mchezo huo iishe.

Nilimwuliza kwa nini tusifunge chujio moja tu, laini kupita yote, mambo yakaisha. Akacheka.

“Mamako alipokamua nazi alichuja mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Kwa nini hakuanza na kitambaa?”

Nikanyamaza, maana jibu nililijua. Tui huanza katika kifumbu, machicha yakabaki, ndipo likapitishwa kwenye kitambaa. Ukianza na kitambaa kitaziba kabla ya bakuli kujaa. Ndivyo alivyofanya kwenye gari langu. Chujio la kwanza, la maikroni 30, amelifunga kwenye chesi kati ya tangi na pampu. Lina kikombe angavu chini yake ambamo maji hutuama, na kijibomba cha kuyamwaga. Lile laini la kiwandani limebaki pale pale lilipokuwa, likimalizia kazi. Lingekuwa laini mno lile la kwanza, pampu ingevuta kwa nguvu na kushinda njaa. Na kila kiungo kinachoongezwa upande wa kuvutia ni mlango mpya wa hewa kuingilia, na injini ya dizeli iliyokula hewa haiwaki mpaka itolewe yote kwa pampu ya mkono.

Kuhusu tangi alikuwa na masharti yake. Lisiwe la bati lililopakwa zinki, kwa sababu zinki na dizeli hufanya aina ya sabuni ambayo huziba machujio. Ndani liwe na kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe gari linapokata kona. Liwe na kipumulio, kwani tangi lisilopumua hujibana na kuinyima pampu. Boya la geji libadilishwe liendane na kina kipya, la sivyo mshale utasema nusu ilhali umebakiwa na robo. Na nisisahau uzito: lita 60 za ziada ni kama kilo 50, sawa na mfuko wa saruji usioshuka garini.

Nilisimama pale na daftari langu, naandika. Kwa kweli nilikuwa nimeacha kusikiliza habari za gari. Kukohoa, kula hewa, kupumua, kunyimwa, kushinda njaa. Mzee yule alikuwa amejenga istilahi nzima ya ufundi juu ya mwili wa mtu, na hapana neno hata moja lililomtatiza kijana anayemshikia spana. Mzizi wa kuchuja peke yake ulinitosha kwa mhadhara mzima. Umetupa chujio na kichujio gerejini, na ukatupa mchujo wa vyama kila uchaguzi unapokaribia, japo huo wa mwisho sijawahi kuona ukibakiza machicha upande unaostahili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana mmoja. Alikuja ofisini akiwa mwaka wa nne, na daftari mbili zilizojaa maneno aliyoyakusanya katika gereji ya babake, akiomba kuyaandikia tasnifu. Niliyapitia kwa dakika kumi. Nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hiyo ni lugha ya mtaani, haina hadhi ya utafiti, nikamshauri achague riwaya. Alichagua riwaya. Alipata alama nzuri.

Walimu wenzangu, tangu mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima, na tangu Katiba ya 2010 ikipe hadhi ya lugha rasmi, tumelalamika kwamba hakina msamiati wa sayansi. Tumekaa vikaoni tukibuni maneno ambayo sisi wenyewe hatuyatumii. Wakati huo huo kijana wa chuo cha ufundi anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na jioni anakwenda gerejini kujifunza upya kazi ile ile kwa Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chake chochote. Akianguka mtihani twasema hajui. Nani alimwuliza kwa lugha anayoijulia?

Nilimtafuta kijana yule. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilimwomba radhi kwa barua, nikamwuliza kama daftari zile bado anazo, maana ningependa tuzifanyie kazi pamoja. Alijibu kwa adabu. Babake alifariki, gereji ikauzwa, na daftari aliziacha humo humo pamoja na makaratasi mengine, hajui zilikoishia. Lakini baadhi ya maneno, alisema, anayakumbuka, na likizo hii atajaribu kuyaandika.

Agosti tunarudi Loiyangalani. Nimemwalika aandamane nasi, na bado sijapata jibu lake. Tangi limefungwa, na kila Jumatatu asubuhi nafungua kijibomba cha kikombe namwaga maji kwenye chupa ya jamu. Juma hili yamefika unene wa kidole.