Mshipa Mkuu wa Damu Ukivimba: Fahamu Njia Mbili za Upasuaji

Aota ndiyo mshipa mkubwa zaidi wa damu mwilini. Hutoka moyoni na kushuka hadi tumboni. Ukuta wake ukidhoofika, hutanuka kama puto. Wengi hawahisi lolote hadi unapopasuka, na hapo mgonjwa huweza kufariki haraka.

Walio hatarini zaidi ni wanaume waliozidi miaka 65, wavutaji sigara na wenye shinikizo la damu. Uvimbe wa tumboni huonekana kwa ultrasaundi, kipimo kisicho na maumivu. Ukiwa mdogo hufuatiliwa tu. Ukifika takriban sentimita 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, madaktari hupendekeza upasuaji.

Njia ya kwanza ni kupasua tumbo na kushona mrija bandia mahali palipovimba. Kupona huchukua wiki kadhaa, lakini tiba hii hudumu.

Ya pili ni kupitisha mrija uliokunjwa kutoka kwenye kinena hadi ndani ya uvimbe. Mgonjwa hurudi nyumbani mapema, ila atahitaji vipimo maisha yake yote. Aidha, si kila mshipa una umbo linalofaa.

Kwa mkazi wa Mutomo au Kyuso, vipimo hivyo ni safari na nauli. Mweleze daktari hali yako kabla ya kuamua.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na kizunguzungu, ni dharura. Usisubiri kupambazuke, nenda hospitalini mara moja.