Nyumba yetu ya zamani inavuja: feza itatoka wapi?



Mnaijua ile nyumba ya matofali tunamokutana kila juma. Mvua hizi zinapita kwenye mabati na kushuka ukutani, pale pale mama zetu walipojifunzia kusoma. Wengine wanasema ibomolewe, yajengwe maduka. Sisi tunasema: tutafute kwanza.

Tumeuliza feza za kutunza majengo ya kale hutoka wapi. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa UNESCO husaidia hasa mahali palipo katika orodha yake. Kongo yetu ina mahali patano humo: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Pote ni mapori na wanyama. Hakuna nyumba hata moja. Mlango huo si wetu. Kuna pia Aliph, shirika la Geneva lililoanzishwa mwaka 2017, linalosaidia urithi katika nchi zenye vita. Huko tunaweza kubisha hodi. Lakini mfadhili atataka kujua kiwanja ni cha nani, fundi amekadiria feza ngapi, na nani atatunza nyumba baadaye. Leo karatasi ya kiwanja hatuna mkononi.

Tutazame majirani wa Uganda. Makaburi ya wafalme wa Buganda, pale Kasubi, yaliungua Machi 2010. Japani ilisaidia kupitia UNESCO. Hata hivyo wenyeji hawakukaa wakingoja. Waziri mkuu wa ufalme huo, Charles Peter Mayiga, alizunguka akichangisha watu wake, na mchango ukaitwa Ettoffaali, maana yake tofali. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Basi nasi tuanze na tofali letu. Likelemba zetu zinajua kukusanya franka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Komite inaomba mambo matatu: kila kikundi kitoe mchango wa mabati, mama wazee watuambie nani alitoa kiwanja, ili tufuate karatasi zake, na mwenye picha ya zamani ya nyumba ailete.

Tuonane Jumamosi, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Anayeweza aje na ndoo, maana bado inavuja.