Nyota changa nje ya ukingo wa galaksi

Mwaka 2005, wanaastronomia waliotumia GALEX, darubini ya anga ya NASA iliyorushwa 2003, walitangaza kuona mwanga wa urujuanimno mbali nje ya ukingo unaoonekana wa galaksi M83, takriban miaka ya nuru milioni 15 kutoka kwetu.

Mwanga huo hutoka hasa kwa nyota kubwa zenye joto kali, ambazo hufa mapema. Basi zimezaliwa hukohuko, juzijuzi kwa hesabu za anga. Ajabu kweli, maana gesi ya huko ni nyembamba mno, na ilidhaniwa haiwezi kujikusanya vya kutosha kuzaa nyota. Lakini darubini za redio zinaonyesha mikono mirefu ya haidrojeni, na nyota hizo zimejipanga kuifuata.